Uvinza na Nafasi Zake 24: Gharama Halisi ya Kukata Nafasi Tupu Kwenye Kanzidata

Siku za giza, mwezi unapopotea na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanapofuata taa, dirisha la chama kidogo cha kuweka na kukopa ninachokisaidia hapa Kigoma halikauki watu. Akina mama wanaonunua dagaa mwaloni Kibirizi huanza kufika saa mbili asubuhi, huyu anaweka, yule anatoa, na kila mmoja anatafutwa kwenye mashine kwa jina na mahali anapotoka. Msimu mmoja dada anayekaa dirishani aliniita. "Kaka, njoo ujionee. Nikiandika Uvinza, mashine inafikiri mpaka mama wa watu anatafuta pa kukaa." Nikasimama nyuma yake. Akaandika, tukasubiri, foleni ikafika mlangoni.

Tatizo lenyewe halikujificha. Kumbukumbu za chama zilihamishwa kutoka mfumo wa zamani ulioandika kila mstari kwa upana uleule, na sehemu ya mahali ilitengewa herufi 30. Uvinza ina herufi sita. Zile 24 zilizobaki zilijazwa nafasi tupu, nazo zikahamia kwenye kanzidata mpya, yaani ghala la taarifa za chama ndani ya mashine, pamoja na jina. Fundi aliyeandika programu ya kutafuta aliona majina hayalingani, akaongeza amri ya kukata nafasi za mwishoni. Majina yakalingana, kazi ikapokelewa. Tangu siku hiyo, kila aliyeulizia Uvinza aliilazimisha mashine kukata nafasi kwenye miamala yote 200,000 kabla haijatoa jibu.

Nikiwasimulia mafundi wenzangu, wengi hukimbilia kusema kwamba sehemu za urefu maalumu ni mambo ya kale, zifutwe, kila kitu kiwe cha urefu unaobadilika. Mimi siafiki. Ukitaka kujua kwa nini kukata nafasi kunachelewesha kazi, lazima kwanza uone urefu maalumu unakupa nini, na unakudai nini.

Upana wa namna moja una historia ndefu. Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilileta kadi ya kutobolewa yenye safu 80, na kwa miaka mingi kumbukumbu za ofisi ziliishi ndani ya safu hizo: kuanzia safu hii hadi hii ni jina, kuanzia hii hadi hii ni mshahara. Jina likiwa fupi, matundu hayakutobolewa, sehemu ikabaki tupu. Lugha ya programu ya COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959, iliurithi utaratibu huo moja kwa moja. Ukitangaza sehemu ya herufi 30, basi ni 30, uandike Uvinza au Kigoma Ujiji. Mafaili ya namna hiyo bado yanasafiri kati ya mifumo ya fedha hadi leo.

Faida yake ni kwamba unajua kila kitu kilipo bila kutafuta. Mstari ukiwa na baiti 120 (baiti ni nafasi ya kuhifadhi herufi moja ya kawaida) na ukautaka wa 5,000, unazidisha 4,999 kwa 120, unapata 599,880, unakwenda hapo moja kwa moja. Anayepakia madumu ya mawese kwenye boti analielewa hili. Dumu la lita 20 lenye lita tano ndani linakula nafasi ileile na lililojaa, lakini ukipanga madumu kumi kila safu, dumu la 47 unalijua lilipo bila kuhesabu kuanzia mwanzo.

Sehemu ya urefu unaobadilika inafanya kinyume. Inahifadhi herufi zilizopo tu, na pembeni inaandika ni ngapi. Kwenye MySQL, mojawapo ya programu za kanzidata, sehemu ya aina ya VARCHAR hutanguliwa na baiti moja ya kutaja urefu ikiwa thamani zake haziwezi kuzidi baiti 255, au mbili ikiwa zinaweza kuzidi. Kwa hiyo Uvinza inachukua baiti saba badala ya 30. Ila huwezi kuzidisha ukafika kwenye neno la 5,000. Lazima upitie urefu wa yaliyotangulia, au uwe umeweka orodha ya kuonyesha kila neno linaanzia wapi.

Kuna namna ya tatu, ile ya lugha ya C, ambayo haiandiki urefu popote. Inaweka baiti yenye thamani sifuri mwishoni, na anayetaka kujua urefu wa neno anatembea herufi kwa herufi mpaka aikute hiyo sifuri. Kumbuka jambo hili, maana linabadilisha gharama ya kukata.

Sasa tukate. Una UVINZA na nafasi 24, jumla 30. Njia ya haraka ni kuanzia mwisho kurudi nyuma: hii ni nafasi, hii ni nafasi, mpaka ukutane na A. Umetazama mara 25, basi. KIGOMA UJIJI ina herufi na alama 12 ukihesabu pengo la katikati, kwa hiyo unatazama mara 19 na kusimama kwenye I ya mwisho. Pengo lililo kati ya Kigoma na Ujiji hukulifikia kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Nimeona programu inayoanzia mbele na kukata kwenye nafasi ya kwanza inayoiona. Kwa Kasulu, Kakonko na Buhigwe ilifanya kazi vizuri, ila kila mtu wa Kigoma Ujiji akabaki wa Kigoma.

Anayetumia sehemu ya urefu maalumu anaujua mwisho tangu mwanzo: ni baiti ya 30. Anayetumia VARCHAR anausoma urefu ulioandikwa pembeni. Wa C hana jinsi, atatembea mbele mpaka kwenye sifuri kisha ageuke arudi nyuma kutafuta herufi ya mwisho. Anapita njia ileile mara mbili. Na kama programu yake inauliza urefu upya katika kila mzunguko, jambo ninaloliona mara nyingi kwenye kazi za wanaoanza, anatembea njia nzima kwa kila nafasi moja anayoitoa.

Hapa inafaa niseme kwamba kutazama herufi 25 si kitu kwa prosesa ya leo. Nafasi tupu ina namba yake, 32, na prosesa inaweza kuchukua baiti nane kwa mkupuo na kuuliza swali moja: hizi zote ni 32? Zenye maelekezo ya kufanya kazi kwa mafungu huchukua 16 au 32 kwa pamoja. Nafasi 24 zinaondoka kwa maswali matatu. Hivyo kama kukata ndiko kungekuwa gharama yote, dada wa dirishani asingeniita.

Gharama kubwa ya kwanza ni nakala. Baada ya kujua neno linaishia wapi, programu nyingi huomba eneo jipya kwenye kumbukumbu ya mashine na kunakili herufi sita pale. Kuomba eneo, kunakili, na baadaye kulisafisha eneo hilo kunaweza kuzidi mbali kazi ya kutazama nafasi. Ndiyo maana waliojenga lugha za programu wamejitahidi kuepuka nakala. Kwenye Java, amri ya kukata ikikuta hakuna cha kukata inakurudishia neno lilelile, na Python ya kawaida hufanya vivyo hivyo. Rust na Go zinakwenda mbali zaidi. Hazinakili hata kama kuna cha kukata. Zinakupa dirisha linaloangalia sehemu ya neno la zamani, lenye mwanzo wake na urefu wake. Kwa namna hiyo kukata mwishoni ni kubadilisha namba moja tu, urefu, kutoka 30 kuwa sita.

Dirisha nalo lina deni. Maadamu umelishika, neno zima lililo nyuma yake haliwezi kuachiwa. Ukisoma faili kubwa na kubaki na madirisha madogo ya kila mahali, faili zima linabaki kwenye kumbukumbu kwa ajili ya herufi sita sita. Java iliwahi kufanya hivyo ilipotoa kipande cha neno, na mwaka 2012, kwenye toleo la 7 sasisho la 6, ikabadilishwa ili kipande kiwe nakala kamili. Programu zilizojengwa kwa kutegemea kwamba kipande ni cha bure zilianza kulipa. Sioni upande uliokosea pale. Kila uamuzi ulikuwa na mtu wa kuumia.

Gharama ya pili ni kukata mbele. Kwenye mafaili ya upana mmoja, maneno husukumwa kushoto lakini fedha husukumwa kulia, kwa hiyo kiasi cha 450000 kwenye sehemu ya herufi 30 kinatanguliwa na nafasi 24. Ukiwa na dirisha, unasogeza mwanzo na kazi imekwisha. Usipokuwa nalo, lazima uvute herufi zilizobaki zije mbele. Mwenye busara anahesabu nafasi zote kwanza, halafu anavuta tarakimu sita mara moja. Asiyefikiria anatoa nafasi ya kwanza na kuvuta herufi 29, anatoa ya pili na kuvuta 28, hivyo hivyo mpaka ya 24 anapovuta sita. Ukijumlisha ni mivuto 420 kwa kazi ya mivuto sita. Na neno likirefuka mara mbili pamoja na nafasi zake, ile 420 inaongezeka karibu mara nne.

Kuongezeka kwa namna hiyo ndiko kulikoiangusha Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, tarehe 20 Julai 2016. Kwa dakika 34 haikufunguka. Chanzo kilikuwa kukata nafasi tupu, na hawakukata kwa mkono; walitumia ruwaza ya kutafuta maandishi iliyosema, tafuta nafasi moja au zaidi zinazofuatwa na mwisho wa maandishi. Mtu mmoja alikuwa ameweka maandishi yenye nafasi zipatazo 20,000 mfululizo, ila hazikuwa mwishoni, maana kulikuwa na herufi baada yake. Mashine ikaanza nafasi ya kwanza, ikatembea 20,000, ikakuta herufi badala ya mwisho, ikashindwa. Ikarudi kuanza kwenye nafasi ya pili, ikatembea 19,999, ikashindwa tena. Ukijumlisha safari zote unapata karibu milioni 200 za kutazama, kwa ukurasa mmoja tu. Na maandishi hayo yalikuwa yameorodheshwa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti, ule ambao kila mtu anaufungua.

Angalia tofauti. Anayeanzia mwisho kurudi nyuma angetazama herufi moja tu, ile ya mwisho, akaona si nafasi, akamaliza. Ruwaza inasomeka vizuri na inaandikwa kwa mstari mmoja, lakini inatembea kwenda mbele kutafuta kitu kilicho nyuma. Kwa kukata tu, mimi siitumii tena.

Turudi dirishani, kwa sababu gharama ya tatu ndiyo iliyokuwa ikiwachelewesha wale akina mama, na haihusiani na kasi ya kukata hata kidogo.

Kanzidata huweka faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: majina yamepangwa kwa alfabeti, na kila jina linaonyesha mistari yake. Ukiwa na mistari 200,000 iliyopangwa, ukaigawa nusu kwa nusu, hatua 18 zinakutosha kufika popote, na faharasa za kanzidata hugawa kwa mafungu mengi zaidi ya mawili kila hatua, hivyo hatua ni chache zaidi. Lakini faharasa yetu ilipangwa kwa thamani zilivyohifadhiwa, yaani UVINZA pamoja na nafasi zake 24. Ulizo lilisema: kata nafasi kwenye sehemu ya mahali, kisha linganisha na UVINZA. Kwa kanzidata, sehemu iliyokatwa ni kitu kingine kabisa, haiko kwenye faharasa yoyote. Haiwezi kukisia kwamba mpangilio utabaki uleule baada ya kukata. Inachofanya ni kuacha faharasa kando na kusoma jedwali zima, mstari kwa mstari, ikikata na kulinganisha.

Dawa ya haraka iliwashangaza wenzangu kwa udogo wake. Badala ya kukata nafasi kwenye mistari 200,000, tuliongeza nafasi kwenye neno moja, lile lililoandikwa na dada. Akiandika UVINZA, programu inalijaza mpaka herufi 30 kisha inauliza. Sehemu haijaguswa, kwa hiyo faharasa inatumika. Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole kwenye kibodi.

Ningependa kila fundi alijue hilo la kujaza neno la kutafuta, maana kuna mifumo ambayo huruhusiwi kubadilisha jedwali, unaruhusiwa kuuliza tu. Ukiruhusiwa kuongeza kitu, unaweza kujenga faharasa juu ya thamani iliyokatwa. PostgreSQL na Oracle, kanzidata nyingine mbili, zote zinaruhusu. Hapo kukata kunafanyika mstari unapoingia, mara moja, na msomaji hakati chochote.

Kanzidata hazifanani katika kuzitafsiri nafasi za mwishoni, na hapa wengi hupotea. Kwenye PostgreSQL, sehemu ya aina ya CHAR, ile ya urefu maalumu, inajazwa nafasi lakini nafasi hizo hazihesabiwi wakati wa kulinganisha. Watunzaji wake wanasema wazi kwenye maelezo yao kwamba CHAR haina kasi zaidi ya aina nyingine za maandishi, na kwa kawaida ndiyo ya polepole kwa sababu ya ukubwa wake. Kwenye MySQL, CHAR inakatwa nafasi zake inaposomwa, hivyo huzioni. Oracle ina mtego wake: ukilinganisha CHAR na neno ulilolichapa ndani ya ulizo, nafasi hazihesabiwi; ukilinganisha na thamani ya aina ya VARCHAR2, ile yake ya urefu unaobadilika, zinahesabiwa, na UVINZA fupi haitalingana na UVINZA ndefu. Fundi anajaribu kwa mkono anapata jibu, anaweka kwenye programu hapati, na mkono unakwenda wenyewe kwenye amri ya kukata. Nashuku visa vingi kama chetu vinaanzia hapo.

MySQL nayo ilibadilika. Kanuni zake za zamani za kulinganisha maandishi hazikujali nafasi za mwishoni hata kwenye VARCHAR. Kuanzia toleo la 8.0, kanuni inayokuja nayo inazijali. Mtu anahamisha data, na "KASULU" na "KASULU " ambazo jana zilikuwa mahali pamoja leo ni mahali pawili.

Kwetu, baada ya ile dawa ya haraka, tulifanya kazi yenyewe Jumapili moja ofisi ikiwa imefungwa. Tulikata nafasi mara moja kwenye jedwali lote, tukageuza sehemu ya mahali kuwa VARCHAR, tukajenga faharasa upya, na tukaweka kizuizi mlangoni: lenye nafasi mwanzoni au mwishoni haliingii. Kwa mistari inayofanana na Uvinza, tuliokoa baiti 23 kila mmoja, ukitoa ile moja ya kutaja urefu. Mistari 200,000 ya namna hiyo ni baiti milioni 4.6. Diski haijali kiasi hicho. Faida ni kwamba kila ukurasa wa kanzidata, yaani fungu la mistari linalosomwa kwa pamoja, sasa unabeba mistari mingi zaidi, na kurasa zinazohitajika mara kwa mara zinaenea kwenye kumbukumbu ya mashine yetu, ambayo si kubwa.

Hatukugeuza kila kitu. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, daima 20. Namba ya simu tuliyoihifadhi kwa 255 mbele ina tarakimu 12. Hakuna kinachobaki tupu kwenye sehemu hizo, hakuna cha kukata, na urefu maalumu unakusaidia kumnasa aliyesahau tarakimu. Majina ya watu ni habari nyingine, hasa siku hizi ambapo herufi moja inaweza kuwa na baiti zaidi ya moja. Majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng', na huku magharibi wenye nayo si wachache, yanategemea ile alama ya juu baada ya g. Ikiwa imenyooka ni baiti moja. Ikiwa imepinda, kama simu nyingi zinavyopenda kuiandika, ni baiti tatu kwenye UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti. Herufi 30 hazimaanishi tena baiti 30, na ile hesabu ya kuzidisha ya enzi za kadi haifanyi kazi hapo.

Jumatatu asubuhi dada alijaribu kila mahali, mmoja baada ya mwingine. Uvinza, Kasulu, Buhigwe, Kakonko, Kigoma Ujiji, zote zikaja papo hapo. Akaandika Kibondo. Wakaja wanachama wote isipokuwa mmoja, mama ambaye tulikuwa naye palepale dirishani, kadi yake mkononi. "Shikamoo mama, subiri kidogo," nikamwambia, nikafungua mstari wake. Mahali pameandikwa KIBONDO, kwa macho hakuna kilichozidi. Nikaiuliza kanzidata urefu wake kwa herufi, ikajibu nane. Kwa baiti, tisa.

Ilikuwa ile nafasi isiyokatika, namba 160, inayokuja mtu anaponakili kutoka ukurasa wa tovuti au faili la barua na kubandika. Kwenye skrini hutaitofautisha na nafasi ya kawaida. Amri ya kukata ya kanzidata inaondoa 32 tu usipoiambia vinginevyo. Ile ya Excel nayo inaiacha. Java inaiacha hata kwa amri yake mpya ya mwaka 2018. Python ndiyo inayoiondoa. Kizuizi chetu cha mlangoni nacho kilikuwa kimeandikwa kwa 32 peke yake. Nikaongeza 160 na ile alama ya kuruka safu (tab), nikasafisha mstari wa mama yule, nikamwomba dada aandike Kibondo tena.